Mama ana presha, magoti yanamuuma na figo zimeanza kuchoka: tuache dawa ipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, nalifupisha. Mamake ana miaka 61, presha anayo miaka mingi na kila asubuhi anameza enalaprili pamoja na ile dawa ya kukojoza. Mwaka jana magoti yakaanza kumsumbua, jirani akamwambia nunua diklo, yaani diklofenaki, tangu hapo ananunua vidonge kumi kumi kwa kemisti ya mtaani na daktari wa kliniki hajui lolote. Juzi kapimwa damu, kriatinini (taka ya mwili ambayo figo hutakiwa kuitoa, ikipanda ujue hazichuji vizuri) 140, daktari akasema figo zimeanza kuchoka. Sasa nyumbani hakukaliki, ndugu wanasema dawa za presha ndo zimemharibu, washamletea unga wa miti shamba kutoka soko la Kongowea na wanataka aache dawa zote za hospitali. Dada anauliza kama ni kweli dawa zinaharibu viungo, na ni zipi, halafu mwisho kaongeza kwamba yeye mwenyewe hunywa Panadol mbili karibu kila jioni sababu ya kichwa, je ini lake liko salama?

Waaleikum salam dadangu. Nianze na la haraka kabla sijaanza kueleza. Diklo iwachwe leo. Dawa za presha msiziache kwa uamuzi wa kikao cha familia, ila daktari wake aambiwe habari ya hiyo diklo siku mbili tatu hizi, msingoje tarehe ya kliniki, yeye ndo ataangalia kama enalaprili na ile ya kukojoza ziendelee vilevile, zipunguzwe au zisimamishwe kidogo mpaka figo zitulie. Ule unga uwekeni kando kwanza, ntaufikia. Na mkiona mkojo umepungua sana, miguu au uso umevimba, anahema akilala, anatapika hovyo au moyo unamruka ruka, hapo hakuna kungoja, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, Makadara au popote palipo karibu penye maabara.

Sasa swali lenyewe. Ni kweli, dawa zinaumiza viungo, wala si siri, ile karatasi iliyokunjwa kunjwa ndani ya boksi imeandika yote kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayesoma, wengi huitupa kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kwa hivo ndugu zako hawakusema uongo. Shida ni kwamba wamechukua maneno ya kweli wakayabandika kwa dawa siyo.

Figo zinapata damu nyingi kushinda ukubwa wake, karibu robo nzima ya damu inayosukumwa na moyo, na kwa siku zinachuja kama lita 180, karibu yote inarudishwa mwilini na wewe unakojoa lita moja na nusu au mbili hivi. Ndo maana sumu yoyote ikiwa kwa damu, figo zinaipata mapema. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo vidogo karibu milioni moja, na kila kimoja kina mshipa wa kuingizia damu na mshipa wa kutolea, kuchuja kunawezekana manake damu ikifika pale katikati ina msukumo. Mtu mzima wa afya, amekunywa maji yake, hana shida hapo. Lakini mtu akiwa na umri, au presha ya miaka mingi, au mwili umekauka maji, figo zinajisaidia na kemikali inaitwa prostaglandini ambayo inauweka ule mshipa wa kuingizia uwe wazi. Diklo kazi yake ni kuzuia prostaglandini isitengenezwe, ndo maumivu yanapoa, ila haichagui, inazuia ya goti na ya figo na ya tumbo kwa pamoja (vile vidonda vya tumbo vya watu wa dawa za maumivu vinatoka hapo), basi mshipa wa kuingizia unabana. Enalaprili nayo inalegeza mshipa wa kutolea. Na dawa ya kukojoza ishapunguza maji. Hebu jumlisha mwenyewe: damu inayoingia ni kidogo, inapotokea pako wazi, na maji yenyewe yamepungua, msukumo wa kuchuja utatoka wapi?

Huo mchanganyiko wa dawa tatu unajulikana vizuri sana na ni moja ya sababu za kila siku za watu wazima kuingia hospitali na figo zilizogoma ghafla. Joto letu la Mombasa la Januari mpaka Machi linauzidisha, kuharisha kunauzidisha, na mtu anayefunga Ramadhani juu ya dawa ya kukojoza huku anameza diklo usiku akimaliza futari, huyo amejiweka pabaya. Swaumu yenyewe mzungumzie na daktari mapema mwezi wa Shaabani, mgonjwa ana ruhusa yake na kila mtu anaijua.

Kuna jambo jingine ambalo naliona sana na hatuliongei. Diklo, Brufen na ndugu zake zinafanya mwili ushike chumvi na maji na zinapandisha presha, halafu zinaipunguzia enalaprili nguvu. Basi mama anakwenda kliniki, presha haishuki, daktari hajui habari ya diklo anaongeza dozi au anatia dawa ya pili, mama anarudi nyumbani na dawa nyingi zaidi na magoti yaleyale, anameza diklo tena. Kwa hivo ukiniuliza ni nani amekosea hapo, sitamlaumu mama. Hakuna aliyemwuliza swali sawasawa. Ukimwuliza mama wa Kimombasa "unatumia dawa gani nyingine?" atakwambia hakuna, manake kwake yeye diklo ya goti si dawa, ni kitu cha kununua tu na mkate. Lazima umwulize "magoti yakiuma wafanyaje?" hapo ndo utasikia yote.

Na enalaprili jamani tusiionee. Kwa muda mrefu kundi hilo la dawa, hiyo na nduguze kama losartani, ndo linalinda figo za wenye presha na sukari, linapunguza protini inayovuja kwa mkojo. Presha iliyowachwa bila dawa ndo inayomaliza figo za watu wetu, hiyo na sukari, nenda kitengo chochote cha dayalisisi, yaani cha kusafisha damu kwa mashine, uulize. Mkimwachisha dawa za presha mkambakishia diklo mtakuwa mmetoa mlinzi mkamwacha mwizi ndani. Ni kweli ukianza enalaprili kriatinini yaweza kupanda kidogo wiki za mwanzo, ikipanda chini ya asilimia 30 kwa kawaida daktari haisimamishi, anapima tena tu aone imetulia.

Hiyo 140 yenyewe ina maana gani? Kwa mwanamke wa umri wake tungependa iwe chini ya 90 hivi, na ukiingiza kwa hesabu ya kukadiria kazi ya figo inatoka karibu 37 (kwa hesabu hii namba kubwa ndo nzuri), wakati figo nzima ni 90 kwenda juu. Si nzuri, lakini pia dayalisisi iko mbali, hiyo huanza kuongelewa ikishuka chini ya 15 na mara nyingi hata chini zaidi. Tena hatujui ni kiasi gani kimeharibika moja kwa moja na kiasi gani kimebanwa tu na diklo, kile kilichobanwa huwa kinarudi dawa ikiachwa. Ndo maana kipimo kirudiwe baada ya wiki moja au mbili, na wakati huo ombeni wapime na potasiamu, na protini kwa mkojo. Kama kuna karatasi ya damu ya mwaka juzi itafuteni hata kama iko chini ya godoro, ile ya zamani inamsaidia daktari kushinda hii mpya. Na msingoje maumivu yawaambie hali, figo zikichoka hivi haziumi, maumivu ya kiuno ya wengi wetu ni misuli na mgongo.

Diklo msiitafute kwa jina moja. Iko kwa vidonge vilivyochanganywa na parasetamoli na dawa ya kulegeza misuli, jina la boksi ni jingine kabisa, iko kwa ile sindano ya maumivu watu wanaipenda wakidhani ikipita matakoni haifiki figo (inafika), na iko kwa vile vibahasha vya kaki visivyoandikwa kitu, unapewa vidonge vitatu vya rangi tatu "vya viungo". Kile kibahasha mimi nakikataa kabisa. Kama huyo muuzaji hawezi kukuandikia ni dawa gani, rudisha. Mara nyingi ndani yake kuna dawa ya maumivu ya kundi hilohilo na dexa, yaani deksamethasoni, dawa kali ya kundi la steroidi. Majina ya kuyaogopa kwa mama ni ibuprofeni, naproksini, piroksikamu, meloksikamu, indometasini, aseklofenaki, zote ni ukoo mmoja na diklo.

Kama watu wa nyumbani wanaona napiga chuku, waambie habari ya tai wa India na Pakistani. Huko wachungaji walikuwa wanawadunga ng'ombe diklo, ng'ombe akifa anatupwa, tai wanakula mzoga, na ndege hao wakafa kwa mamilioni, karibu wamalizike. Mwaka 2004 watafiti walipowafungua wakakuta figo zao zimekufa, diklo iliyobaki kwa nyama tu ilitosha. Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo. Figo ya tai si figo ya mtu, tai wao ni wepesi zaidi kwa hiyo sumu, ila ukitaka kujua diklo inaelekea wapi mwilini jibu ni hilo.

Sasa magoti atayafanyaje? Parasetamoli ndo ya kwanza, gramu moja kwa mpigo na isizidi gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya 500, na kwa mtu mwembamba au mwenye shida ya ini iwe chini ya hapo. Geli ya kupaka ya diklo hiyohiyo inaingia kwa damu kidogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya kidonge, lakini kwa sasa figo zikiwa hivi amuulize daktari kwanza. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yanasaidia magoti kushinda watu wanavyodhani, akae kwa kiti anyooshe mguu, ahesabu polepole, ashushe, kila siku, na kama ana uzito kupunguza hata kilo chache goti linasikia. Najua hilo la uzito kwa mama zetu na maandazi yao na mahamri ni vita, mimi nimeshasema.

Tuje kwa unga. Sisemi miti shamba yote ni mibaya, dawa nyingi tu za hospitali zimetoka kwa mimea. Nachosema ni kwamba huo unga hakuna ajuaye uko na nini, hata huyo aliyeuuza. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Ubelgiji wanawake zaidi ya mia moja waliokuwa wanatumia vidonge vya mimea vya kupunguza mwili waliharibika figo, kumbe mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye asidi ya aristolokiki, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na hii ya pili inamhusu mama moja kwa moja: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu bidhaa ya viungo inaitwa Artri King, inauzwa kama ya asili, walipoipima wakakuta ndani kuna diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa. Kwa hivo ukisikia unga wa miti shamba umeondoa maumivu ya goti ndani ya siku moja, mimi sifurahi, mimi nashuku.

Halafu madafu. Najua washaanza kumnywesha madafu "yasafishe figo". Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, gilasi moja inashinda ndizi nzima, na mtu mwenye figo dhaifu anayemeza enalaprili potasiamu haitoki vizuri, ikijaa kwa damu moyo unaweza kusimama bila dalili ya maana kabla. Mpaka kipimo cha potasiamu kirudi, madafu yasimame. Kwa mtu mzima wa afya ni kinywaji kizuri sana, hapa ni swala la huyu mgonjwa tu.

Umeuliza dawa nyingine, ntapita haraka manake orodha haina mwisho. Gentamisini, sindano tunayoitumia sana, inaweza kuumiza figo na masikio, ya figo mara nyingi hurudi, ya masikio hairudi, ndo maana hupimwa na hupewa siku chache. Tenofovi ya virusi vya Ukimwi inagusa figo za baadhi ya watu kwa hivo ile kriatinini ya kliniki msiikwepe. Dawa za kifua kikuu zaweza kuumiza ini, macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa rangi ya chai nyeusi rudi kliniki siku hiyohiyo, lakini usikae nyumbani umeziacha kimyakimya, kifua kikuu kitakuua kabla ya ini. Kuna na ngozi: Septrin, karbamazepini ya kifafa, alopurinoli ya gauti, nevirapini ya Ukimwi, mtu mmoja mmoja anapata wiki za mwanzo homa, vidonda mdomoni, macho mekundu na ngozi inayochubuka, hiyo ni dharura, dawa inaachwa hapohapo na mtu anakwenda hospitali na boksi mkononi.

Dexa lakini sitaipita haraka, manake Mombasa tuna balaa nayo. Wasichana wananunua vidonge vya kunenepa kabla ya harusi, ndani yake dexa na siproheptadini (dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula), uso unajaa, mashavu yanang'ara, watu wanasifia. Kumbe ule si unene, ni maji na mafuta yamehama yakaenda usoni na tumboni huku mikono na miguu inakonda. Ikiendelea sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inakuwa mepesi, jicho linapata mtoto wa jicho, na nyonga yaweza kufa sehemu kwa kukosa damu. Baya zaidi, tezi zilizo juu ya figo zinazotengeneza homoni ya mwili inayofanana na dexa zinalala kwa sababu zinaletewa bure kila siku, siku mtu akiacha ghafla, au akaugua malaria au akafanyiwa upasuaji, mwili hauna cha kujitetea, presha inaanguka na anaweza kufa. Kwa hivo aliyeitumia wiki nyingi asiache mwenyewe kwa hofu baada ya kusoma hapa, aende apunguziwe polepole. Na krimu za kujichubua ni hadithi moja na hiyo, nyingine zina steroidi kali, nyingine zina zebaki, na zebaki kwa figo inajulikana hapahapa Kenya tangu 1972 madaktari wa Nairobi walipoandika kuhusu wagonjwa waliovimba mwili na kuvuja protini kwa mkojo, wengi wao walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha ngozi.

Ukienda kwa daktari wa mama chukua mfuko, tia ndani kila kitu anachomeza, boksi, kibahasha, unga, hata chupa ya mafuta ya kuchua, umwagie juu ya meza. Mwambie pia ajaze ile fomu ya njano ya Bodi ya Famasia na Sumu ya kuripoti madhara ya dawa, wewe mwenyewe pia waweza kuripoti kwao mtandaoni, ripoti hizo ndo zinafanya dawa mbaya itolewe sokoni. Na mama akipata kuharisha au kutapika siku yoyote mbeleni, piga simu kliniki uulize kama zile za presha zisimame mpaka aweze kunywa maji, wengi wataambiwa ndio.

Wewe sasa na Panadol zako. Mbili jioni ni gramu moja, ini la mtu mzima asiyekunywa pombe linaibeba bila shida, hakikisha tu hukuongeza dawa ya mafua juu yake maana nyingi zina parasetamoli ndani na watu wanahesabu mara moja kitu walichokunywa mara mbili. Ikitokea mtu amezidisha sana, hata akiwa hajisikii chochote, apelekwe, siku ya kwanza huwa anaonekana mzima na ini linaanguka siku ya pili ya tatu, dawa ya kuokoa ipo inaitwa asetilsisteini na inafanya kazi vizuri sana ikianza ndani ya saa 8. Kwako wewe mimi nahofia kichwa chenyewe. Ukimeza dawa ya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa inaanza kuleta kichwa kile ulichoinywea, na zile za kuchanganya na kafeini za dukani hufanya hivo hata kwa siku 10. Andika kwa simu siku unazomeza mwezi huu, pimwa presha manake mamako anayo, na macho pia. Ikiwa hesabu imefika huko tutakuachisha, kwa Panadol waweza kuacha mara moja, wiki ya kwanza na ya pili kichwa kitauma kushinda sasa kisha kinaanza kulegea, usikimbilie Brufen katikati.